Wapangaji watatu, bawabu mmoja: hotuba ya fundi kompyuta mbele ya walimu na wazazi, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mpate pa kuchomokea: asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye sijamgusa, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumze dakika arobaini juu ya kuweka mifumo endeshi, yaani zile programu kuu zinazoendesha mashine, zaidi ya mmoja kwenye kompyuta moja ya nyumbani. Mwalimu aliyenialika alinionya: "Fundi, usituletee slaidi. Lete kompyuta." Basi ndiyo hii hapa mezani. Kioo kimeshikizwa kwa gundi maana bawaba imekatika, ramu yake ni gigabaiti nne, diski ni ile ya zamani inayozunguka, na ndani wanaishi watatu: Windows 10, Linux Mint na Debian, ambayo nayo ni Linux.

Ni kompyuta ya nyumbani kwetu. Windows ni ya mama watoto. Anadarizi, na programu ya kupanga maua ya cherehani yake haijui kukaa popote ila kwenye Windows. Mint ni yangu. Humo naandika risiti, nafungua barua pepe, nasafisha flashi za wateja. Debian ni ya mwanangu wa kidato cha tatu. Humo ana ruhusa ya kuvunja chochote, na huvunja kila wiki, na kila wiki namwambia atengeneze mwenyewe.

Niseme kwanza kilichowaleta watu wengi kibandani kwangu Ngamiani mwaka huu na uliopita. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida. Watu wa majumbani waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Wateja wanaliona tangazo kwenye kioo wanakuja mbio: "Fundi, imeandika imezeeka. Inazima lini?" Haizimi, mama. Itaendelea kuwaka, ila matundu mapya yakigundulika hakuna wa kuyaziba. Na Windows 11 nayo ina masharti: inataka kile kijisanduku cha siri kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Nyingi ya laptopu za mtumba zinazopita mezani kwangu ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Ni mashine nzima kabisa, zimefungiwa mlango tu.

Mwenye fedha atanunua nyingine. Mwenye roho ngumu ataendelea hivyohivyo. Wa katikati, ambaye ndiye mteja wangu, anasikia kuna Linux, ni ya bure, inakwenda vizuri kwenye mashine kuukuu, lakini anaogopa kuhama mara moja na virago vyote. Ana programu yake moja ya uhasibu, au cherehani, au mtoto ana mchezo. Huyo ndiye namwambia: usihame, ongeza chumba.

Linux kwa ufupi, kwa ambao hawajakutana nayo. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi kama jambo la kujifurahisha tu. Kilichotokana na hapo leo kiko ndani ya simu zenu za Android. Kwa upande wetu wa dunia, aliyeifikisha kwenye meza za watu wa kawaida ni Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, aliyetoa Ubuntu, moja ya aina za Linux, mwaka 2004. Hapo Tanzania hatukuwa tumelala: mwaka huohuo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Sasa, Ubuntu walikuwa na ukarimu ambao vijana wa leo hawataamini. Ulikuwa unajaza fomu, wanakutumia sidii kwa posta mpaka kwenye sanduku lako la barua, bila senti tano. Waliacha mwaka 2011. Mimi zangu nilizipokea mwaka 2008 kupitia sanduku la mjomba, zikiwa kwenye bahasha nzuri ya kadi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa kwa mama, kompyuta ilikuwa moja tu, ya mezani. Mama alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani, wanachama 23, na mimi kwa kujionyesha nilikuwa nimemshawishi aache daftari, hesabu zote ziingie kwenye Excel. Nikaweka ile sidii. Ikaja sehemu inauliza niipe diski gani. Kiingereza changu cha wakati ule kikasoma "tumia diski yote" nikaelewa "tumia diski iliyopo". Nikabofya. Mstari ukatembea taratibu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kioo kilikuwa cha rangi ya udongo, kizuri, kisafi, na hakina kitu hata kimoja cha zamani.

Jumapili mama akasema, "Baba, hebu nifungulie ile ya kikoba."

Tulikaa uani Jumapili mbili, mkekani, wanawake 23 mmoja mmoja na kadi zao, tukiandika upya. Bibi mmoja kadi yake ililowa mvua ikawa kama ugali. Nililogundua siku zile sijalisahau: wenye hisa walikumbuka kila shilingi mpaka tarehe, na wenye mikopo walikuwa wamesahau karibu kila kitu. Mama hakunipiga wala hakunisema. Alirudi kwenye daftari, na mpaka leo yuko kwenye daftari.

Kwa hiyo mkiniona leo mkali kidogo kwenye habari ya diski, mjue nimetokea wapi. Watu wakizungumza habari ya mifumo miwili wanabishana ipi nzuri, Windows au Linux, kama Simba na Yanga. Ubishi huo mimi siuingii. Kazi yenyewe iko kwenye diski: nani anakaa wapi, nani ana ufunguo, na nani anafungua mlango asubuhi.

Chukueni nyumba zetu za Kiswahili, zile za vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima na choo. Wapangaji sita, hawajuani kwa kabila wala kwa kazi, na wanaishi. Wanaishi kwa sababu kila mmoja ana chumba chake, na ukumbi ni wa wote. Diski ni nyumba hiyo. Tunaigawa vyumba, kila mfumo unapewa chake, na tukiwa na akili tunaacha kimoja kiwe ukumbi, ambamo picha, nyaraka na muziki vinakaa ili kila mfumo uvifikie.

Kabla ya kugawa, pima. Hapa kuna malalamiko nayapata kila mwezi: "Fundi, nimenunua diski ya 500, kompyuta inaonyesha 465, wamenipunja." Hawajakupunja. Kiwandani wanahesabu gigabaiti kwa elfu mara elfu mara elfu. Windows inahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024. Gawanya bilioni 500 kwa hiyo ya pili, utapata 465 na ushei. Ni kama pishi ya dukani na pishi ya shambani, mchele ni uleule.

Hii ya kwangu ni ya 500. Nikiingia Mint nikaandika `lsblk`, naona vyumba vyote kwa mpangilio. Cha kwanza kidogo mno, megabaiti 100, nitakirudia. Cha pili megabaiti 16, Windows imejiwekea, sikigusi. Kisha Windows yenyewe, 200. Kisha Mint, 60, na imetosha miaka yote. Debian 40. Kilichobaki, ukiondoa kijichumba cha Windows cha kujitengenezea ikiugua, ni ukumbi. Ukumbi nimeujenga kwa mtindo wa NTFS kwa sababu Linux inasoma na kuandika NTFS, ilhali Windows haiwezi kuingia kwenye vyumba vya Linux vilivyojengwa kwa ext4. Inaviona kama ukuta. Na itakuuliza kwa upole kama ungependa kuupangusa ukuta huo. Jibu ni hapana. Siku zote hapana.

Nyumba za zamani zilikuwa na vyumba vinne tu. Sitanii: mpango ule wa kugawa diski ulikuja mwaka 1983, IBM walipotoa kompyuta yenye diski ya megabaiti 10, na jedwali lake lina nafasi nne basi. Sekta ya kwanza ya diski ni baiti 512. Kati ya hizo, 446 ndizo zilikuwa za programu ya kuwashia, 64 za hilo jedwali, mbili za mwisho muhuri. Baiti 446! Maneno niliyofungulia hotuba hii yasingeenea humo. Na kwa kuwa nafasi ya bawabu, yaani hiyo programu ya kuwashia, ilikuwa moja, kila mfumo uliokuja ulimfukuza bawabu wa mwenzake ukakaa wenyewe. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na sheria: piga Windows kwanza, Linux baadaye. Windows ikija ya pili ilimtoa bawabu bila hata kumuuliza jina.

Kompyuta za siku hizi zina mpango mpya, GPT, unaoruhusu vyumba 128, na kile chumba kidogo cha megabaiti 100 ndicho kibanda cha mabawabu. Kila mfumo una folda yake humo ndani. Windows inakaa kwenye folda ya Microsoft, Debian kwenye folda ya debian, na hawalazimiki tena kufukuzana. Hata hivyo sheria ya Windows kwanza mimi naifuata mpaka kesho, maana Windows bado ina tabia ya kujipeleka mbele ya foleni. Ukiwasha asubuhi ukajikuta umeingia Windows moja kwa moja bila kuulizwa, usilie kwamba Linux imefutika. Ingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, ile ya kabla ya kuwaka, upandishe Linux juu kwenye orodha. Dakika mbili.

Bawabu wetu sisi anaitwa GRUB. Ndiye anayekuletea menyu nyeusi: leo tunamwamsha nani? Ana udhia mmoja ambao umewachosha vijana wengi. Tangu toleo lake la 2.06 la mwaka 2021 ameambiwa asichungulie tena vyumba vya wengine bila ruhusa, kwa sababu za usalama. Kwenye baadhi ya Linux unamaliza kuweka kila kitu na Windows haimo kwenye menyu. Fungua faili la `/etc/default/grub`, andika `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub`. Itatokea.

Na hapa niwape kisa cha watatu, kwa sababu wawili kila mtu anaweza. Mwanangu mwanzoni sikumpa Debian, nilimpa Xubuntu, ndugu yake Ubuntu. Ikawa kila akijisasisha, menyu yangu inabadilika, mara Mint imeshuka chini, mara kuna jina geni. Ilinichukua siku tatu kuona kilicho mbele ya macho yangu: Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na kwenye kile kibanda cha mabawabu folda yake haiitwi mint, inaitwa ubuntu. Xubuntu nayo, ubuntu. Wapangaji wawili, wote Juma, barua za huyu anachukua yule. Nikamhamishia kijana kwenye Debian, vurugu ikaisha. Sijaiona imeandikwa kwenye maelekezo mengi, kwa hiyo mnaotaka Ubuntu na Mint pamoja, mjue.

Sasa kuna wazee watasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye kompyuta hawakai kweli, kwa maana kwamba hawaamki pamoja. Windows ikiwa macho Linux ni maiti, haili ramu, haijui chochote. Ugomvi hauanzi wanapokuwa macho. Unaanza pale mmoja anapojifanya amelala.

Naomba mnisikilize hapa hata kama mengine yatawapita. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibofya kuzima, Windows haizimi kabisa. Inaandika sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski, inafumba macho, ili kesho iwake haraka. Maana yake imeondoka chumbani na sufuria bado iko jikoni, na imekariri sufuria ilikuwa wapi. Wewe ukaingia Linux, ukafungua ukumbi, ukahamisha mafaili. Windows ikiamka inafuata kumbukumbu yake, inakuta vitu sivyo, na hapo ndipo mafaili yanapoharibika. Linux za sasa zina adabu: zikiona alama kwamba mwenzao hajazima sawasawa, ama zinakataa kufungua chumba hicho ama zinakuruhusu kusoma tu. Mteja anakuja, "Fundi, Linux yako mbovu, haiandiki kwenye diski." Linux inakulinda, kaka.

Dawa ni mstari mmoja. Ukiwa Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Kwisha. Itachelewa kuwaka sekunde chache. Amri hiyohiyo inafuta lile faili kubwa la usingizi, na hilo lina faida ya pili: wengi wakitaka kupunguza chumba cha Windows, chombo chake chenyewe cha diski kinagoma. Chumba kina nafasi 150 tupu, kinakwambia unaweza kukata 12. Ni kwa sababu kuna mafaili yasiyohamishika yamekaa katikati ya chumba, moja likiwa hilo la usingizi, jingine la kumbukumbu ya ziada, na zile nakala za kurudisha mfumo nyuma. Vizime kwa muda, anzisha upya, kata, kisha washa unavyovihitaji. Na ukataji wa chumba cha Windows uufanye ukiwa ndani ya Windows. Mwenye nyumba abomoe ukuta wake mwenyewe.

Ufunguo. Kompyuta mpya nyingi zinajifunga diski zenyewe, BitLocker na ndugu zake, mara nyingi mwenyewe hajui. Siku ukigusa mipangilio ya kuwasha, mashine inashtuka: huyu ni mwizi. Inaleta kioo cha bluu, inataka ufunguo wa tarakimu 48. Mzee mmoja mteja wangu aliletewa laptopu na mpwa wake aliyeko Muscat, na ilikuwa imefunguliwa kwa akaunti ya huyo mpwa. Mimi sikuuliza. Nikagusa, kioo kikawa bluu. Mpwa yuko kazini, nywila ya barua pepe amesahau, mjomba ananitazama. Usiku saa tatu ufunguo ulikuja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: makundi manane ya tarakimu sita sita, kijana anasoma huku gari zinapiga honi. Tulirudia kundi la tano mara nne, kumbe anachosema ni sita, siyo saba. Tangu siku ile mashine haikai mezani kwangu kabla sijauliza diski imefungwa au la, na ufunguo uko kwa nani. Uandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, maana hilo nalo nimeliona.

Secure Boot sitaikalia sana. Ni ukaguzi wa vitambulisho vya mabawabu wakati wa kuwasha; Mint, Ubuntu, Fedora na Debian zote zina kitambulisho kinachokubalika, kwa hiyo si lazima uizime kama tulivyokuwa tukiambiana. Ila Agosti 2024 Microsoft walitoa sasisho la kuwafungia nje mabawabu wa zamani wenye kasoro. Walikusudia lisiwaguse wenye mifumo miwili. Likawagusa. Watu waliamka tarehe 14, upande wa Linux unasema kuna kitu kimeharibika vibaya, na mashine inajizima. Wajuzi wakaizima Secure Boot, wakaingia Linux, wakafuta ile sera kwa amri ya `mokutil`, wakairudisha. Wasio wajuzi walipata hasara ya siku nzima. Nalitaja ili msije mkaambiwa kwamba hii ni kazi ya kufanya mara moja ukasahau. Mwenye wapangaji hasahau nyumba.

Kuweka kwenyewe ni kazi nyepesi kuliko yote niliyosema. Flashi ya gigabaiti 8. Pakua Mint usiku kwa bando la usiku, Ubuntu 24.04 ni kubwa karibu mara mbili yake, kwa hiyo wenye bando la mawazo waanze na Mint. Hakiki faili kwa ile namba ndefu ya uhakiki kama mtandao ulikuwa unakatikakatika. Liandike kwenye flashi kwa Rufus au Etcher. Ukilinakili tu kama wimbo haliwaki. Kisha kitufe cha kuchagua pa kuwakia: Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, HP ni F9. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Kaa nayo hapo nusu saa. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu kamera. Kama Wi-Fi haishiki, bora ujue sasa. Ikiwa kisakinishi hakioni diski kabisa, kwenye mashine za Intel mara nyingi ni mpangilio wa RST, namna Intel inavyosimamia diski. Usiubadilishe kwa pupa, Windows inaweza kukataa kuwaka, njoo tuzungumze. Betri ikiwa imekufa, usianze kugawa diski jioni ambayo umeme unacheza. Na kile kioo cha mwisho kinachoorodhesha vyumba vitakavyobadilishwa, kisome kwa sauti. Mimi nakisoma kwa sauti, na umri huu.

Siku ya pili utakuja kulalamikia saa. Windows huamini kwamba saa iliyomo ndani ya mashine ni ya hapa kwetu. Linux huamini ni ya dunia, ile ya Greenwich, kisha inajiongezea tatu. Sasa Mswahili tayari ana saa mbili kichwani: ya ukutani inasema kumi, mdomo unasema saa nne asubuhi. Ukitoka Linux ukaingia Windows bila intaneti, kompyuta inakuletea ya tatu, inasema saba. Mama watoto aliambiwa na mteja nguo iwe tayari saa nne, akatazama kioo akaona ni saa moja asubuhi, akajinyoosha kitandani. Nilipata maneno siku ile. Ingia Linux, andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Itakuonya kwamba si vizuri, hasa kwa nchi zinazosogeza saa kiangazi na baridi. Sisi hatusogezi. Puuza.

Je, kila mtu afanye hivi? Hapana, na hapa nitawaudhi mafundi wenzangu. Kompyuta ya ofisi, yenye hesabu za shule, iacheni na mfumo mmoja. Ukiwa na ramu ya 8 au zaidi na unataka kujifunza tu, weka VirtualBox, Linux ikae kama programu ndani ya Windows. Kwa 4 kama hii yangu itakoroma. Mashine yenye nafasi ya diski mbili, weka diski mbili, kila mtu nyumba yake, ugomvi nusu unaisha. Wenye Mac za kuanzia ile ya M1 ya mwaka 2020, mlango wa Apple wa kuwashia Windows ulifungwa, msinibebee. Na nikiri jambo: wengi niliowawekea miwili, baada ya miezi sita wanaishi upande mmoja tu, mwingine unakusanya vumbi. Si vibaya. Angalau walichagua wakiwa wameona.

Kinachonifanya mimi nisiondoe upande wa Linux ni flashi. Mwalimu akitoka kuchapisha mtihani stesheneri anarudi na virusi vya shotikati: folda zote zimekuwa vialama vyenye kamshale, na ukibofya kimoja vinahamia kwenye kompyuta yako. Upande wa Windows mtu anaona mtihani umepotea, anapanga kuandika upya. Mimi nachomeka upande wa Mint. Vile vialama vinalala pale kama magamba, havina wa kuvifungua, na folda halisi zipo palepale, zilifichwa tu. Nafuta uchafu, namrudishia. Mwalimu mmoja wa hapa hapa, simtaji, alinishika mkono kwa mikono miwili.

Naona dakika zangu zimeisha, mwenyekiti ananitazama saa. Nimekuja na flashi kumi, zote zimejaribiwa. Wenye laptopu zao sogeeni mbele, tutaanza na mmoja ili wengine waone. Mwalimu uliyenyoosha mkono pale dirishani, lete. Ikae hapa. Chaja ipo? Vizuri. Diski imefungwa? Hujui, tutaangalia. Sasa nionyeshe mafaili yako yako wapi pengine, mbali na humu.

Haya, rudi ukanakili. Anayefuata.